Mguu wa keria hujaribiwa kwa kuvutwa juu

Mtu akiniletea mchoro wa mguu wa keria, ile fremu ya kubebea mizigo juu ya paa la gari, swali lake la kwanza karibu kila mara ni hili: utabeba kilo ngapi? Mimi humuuliza utashikilia kilo ngapi ukivutwa kwenda juu. Kubeba mzigo uliotulia si kazi ngumu. Uzito unashuka wenyewe, unaukandamiza mguu kwenye paa, na mguu uliokandamizwa hauna pa kwenda. Keria hung'oka barabarani kwa sababu ya kani nyingine kabisa: upepo unaoinua, breki inayosukuma mbele, kona inayovuta pembeni. Hizo ndizo mguu unachorewa.

Nianze na upepo, kwa kuwa ndio unaodharauliwa kuliko yote. Kanieneo ya hewa hukua kwa mraba wa mwendo. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, ni kama nyutoni 460 kwa kila mita mraba (nyutoni 10 ni kama uzito wa kilo moja); likienda 120, inafika 670 hivi. Mwendo umepanda kwa asilimia 20, kani imepanda kwa asilimia 44. Sasa chukua plaiwudi ya mita 1.2 kwa 2.4, unene milimita 12, ambayo uzito wake ni kama kilo 20, uilaze juu ya keria. Hewa inayopanda kioo cha mbele inakuja tayari imeelekea juu, kwa hiyo itaingia chini ya ukingo wa mbele wa plaiwudi, upende usipende. Theluthi tu ya kanieneo ile ikigeuka kuwa kani ya kuinua, kwa mwendo wa 100 unapata nyutoni 440, sawa na kilo 45 zinazovuta kwenda juu. Toa kilo 20 za plaiwudi yenyewe. Kilo 25 zilizobaki zinavuta miguu minne kuing'oa kwenye paa, na sehemu kubwa inaangukia miwili ya mbele.

Kamba hazikusaidii hapo. Kamba inaufunga mzigo kwenye vyuma vya kukingama, zile fito zinazovuka paa, basi. Kutoka kwenye vyuma kufika kwenye bodi ya gari hakuna kingine isipokuwa miguu. Ndiyo maana mzigo mrefu, kama mtumbwi au ngazi, hufungwa pia kwa kamba inayoshuka hadi kwenye pua ya gari: kamba hiyo inapeleka sehemu ya kani moja kwa moja kwenye bodi bila kupitia miguu.

Breki ni hesabu nyepesi zaidi. Mzigo wa kilo 60, breki kali ya 0.8 ya mvutano wa dunia, unapata nyutoni 470 kwenda mbele, au karibu 118 kwa kila mguu. Si nyingi. Tatizo ni kwamba kani hiyo haipigi kwenye paa, inapiga juu, pale chuma kinapokaa. Mguu wenye urefu wa milimita 100 unageuka wenzo. Egemeo lake ni ukingo wa mbele wa kitako, sehemu ya mguu inayokaa juu ya paa, na kinachouzuia usipinduke ni bolti. Kitako kikiwa na urefu wa milimita 80 na bolti ikiwa katikati, bolti inaongezewa mvuto wa nyutoni 295. Ukifupisha kitako kuwa milimita 40 ili mguu uonekane mwembamba na wa kisasa, mvuto unaruka hadi 590. Nimeona miguu mingi mizuri kwa macho ambayo kosa lake lote ni hilo: mirefu kwenda juu, mifupi kwenda mbele. Ukiniruhusu nibadilishe kipimo kimoja tu kwenye mchoro wa mtu, nitaurefusha mguu kwa upande wa mwelekeo wa gari.

Halafu kuna suala la nini hasa kinaushika mguu. Njia ni mbili. Ya kwanza ni msuguano: unaubana mguu kwa nguvu na kutegemea usiteleze. Ya pili ni umbo: ndoano imeingia chini ya ukingo, pini imeingia kwenye tundu, taya limekumbatia reli kutoka chini, kiasi kwamba hata bolti ikilegea kidogo mguu hauna njia ya kutoka. Kwenye karatasi msuguano unatosha. Mbano wa nyutoni 2,000 na mpira wenye mgawo wa msuguano wa 0.3 juu ya rangi iliyolowa hukupa nyutoni 600, mara tano ya ile 118 ya breki. Ila mbano wa siku ya kwanza haudumu. Mpira unasinyaa, nta ya kung'arishia gari inaingia katikati, vumbi linafanya kazi ya gololi, na upepo ukiinua mzigo unapunguza mkandamizo ule ule unaouzaa msuguano. Kwa hiyo sheria yangu ni kwamba kwenda juu, mguu ushikwe kwa umbo, bila mjadala. Kwenda mbele na pembeni, msuguano naukubali, lakini nikipata nafasi ya kuweka pini au kizuizi nakiweka.

Umbo linalowezekana linategemea paa. Magari ya zamani yenye mfereji wa mvua ndiyo rahisi kuliko yote. Ukingo uko wazi na taya linaingia chini yake. Reli zilizoinuka zenye uwazi chini nazo ni rahisi, ingawa kuna mtego: reli mbili mara nyingi haziko sambamba, zinakaribiana kuelekea upande mmoja, na zinainama zikifuata paa. Mguu usio na kiungo cha kuzunguka kidogo utabana kwa kona moja tu ya taya. Reli zilizolala juu ya paa bila uwazi zinakulazimu ushike kwenye mfuo mwembamba ubavuni, na hapo usahihi wa milimita moja ndio kila kitu. Magari mengine yana matundu manne yenye hesi (mikato ya skrubu), yaliyofichwa chini ya vifuniko vya plastiki. Hayo nayapenda sana. Bolti inavuta chini na pini au bega la mguu linakaa ndani ya tundu likibeba kani ya mbele, kila kimoja na kazi yake. Ila fuata toki, yaani nguvu ya kukazia bolti, iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, maana nati iliyoko ndani ya paa ikizunguka huna njia ya kuifikia bila kushusha dari.

Paa tupu ndilo gumu. Mguu unakaa juu ya ukingo wa paa, juu kidogo ya mlango, na ndoano ya bati la chuma inapita kwenye nafasi ya mlango kushika mdomo wa fremu. Ukikaza skrubu, ndoano za pande mbili zinavutana kupitia chuma cha kukingama na paa linabanwa kati yake. Ndoano lazima ifuate mkunjo wa fremu ya gari hilo hilo, si la modeli jirani. Ndoano iliyopinda tofauti kwa nyuzi chache inashika kwa ncha, na ncha ikibeba kani yote itanyooka au itaikunja fremu. Ni vyema pia kukumbuka kuwa bati la paa lina unene wa chini ya milimita moja. Halibebi kitu katikati. Kitako kikisogea ndani kwa sentimita chache, kikatoka juu ya boriti ya ubavuni, paa litabonyea hata kwa mzigo ulio ndani ya kiwango.

Kiwango chenyewe cha mzigo wa paa huwekwa na mtengenezaji wa gari, na magari mengi madogo yana kilo kati ya 50 na 100. 75 ni namba ya kawaida. Kinahesabiwa gari likiwa mwendoni, na keria yenyewe imo ndani yake. Keria nzito ya chuma ya kilo 20 imeshakula zaidi ya robo kabla hujapandisha kitu. Mguu imara zaidi haukipandishi hata kwa kilo moja.

Sasa bolti. Bolti ya M6, yaani ya kipenyo cha milimita 6, iliyokazwa kwa nyutoni-mita 6, ikiwa kavu, inazaa mvuto wa nyutoni 5,000 hivi. Ukiipaka grisi, toki ile ile inaweza kukupa theluthi zaidi, na hapo ndipo hesi za alumini hung'oka. Hesi zikiwa ndani ya alumini, nataka kina kisichopungua mara moja na nusu ya kipenyo cha bolti, na mara mbili kama nafasi ipo. Bolti za chuma cha pua zinapendwa kwa sababu hazishiki kutu, lakini zikigusana na alumini mahali penye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Paka mafuta mazito ya kuzuia kung'ang'ania kwenye hesi, kisha punguza toki, kwa sababu ile ile ya grisi.

Kuhusu kulegea, watu bado wanaweka washa za springi na kulala usingizi. Mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha mwaka 1969 kwamba kinachofungua bolti ni mtelezo wa kwenda na kurudi wa pembeni, vipande viwili vikisuguana chini ya kichwa cha bolti. Kila mtelezo unaiachia bolti izunguke kidogo, na washa ya springi haizuii hilo. Dawa ni kuufanya mtelezo usitokee: mvuto wa kutosha kwenye bolti, na pini au bega libebe kani ya pembeni ili bolti isiibebe. Baada ya hapo ndipo nati yenye nailoni au gundi ya hesi ina maana.

Mpira wa chini ya kitako uwe mwembamba, milimita 2 au 3, wa aina ya EPDM inayovumilia jua, na ugumu kati ya 60 na 70 kwa Shore A, kipimo cha ugumu wa mpira. Mpira mnene na laini unaonekana kuitunza rangi, lakini ni kama kukaza bolti juu ya godoro: unakaza leo, kesho mpira umelala na mvuto haupo. Usiweke mpira wala plastiki laini kwenye njia ya bolti inayounganisha sehemu za mguu zenyewe. Hapo chuma kikae juu ya chuma.

Joto nalo linahesabiwa. Chuma cha kukingama cha alumini chenye mita 1.2 kikipata moto kwa nyuzi 40 kinarefuka milimita 1.1, bodi ya chuma chini yake inarefuka karibu nusu ya hapo. Tofauti ni ndogo, ila inajirudia kila siku ya jua, na mguu uliochomelewa moja kwa moja kwenye chuma bila nafasi yoyote unaihamishia kwenye ndoano. Wanaotengeneza miguu kwa printa ya 3D, ambao wananiandikia sana siku hizi, wajue kwamba plastiki ya PLA inaanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi, na paa jeusi juani linavuka hapo bila shida. Plastiki ya ASA inavumilia zaidi. Hata hivyo mimi nachapisha kwa plastiki kofia, vifuniko na kipande cha kujaza umbo kati ya mpira na mguu, vitu vinavyokandamizwa tu. Chochote kinachovutwa nakikata kwenye chuma au alumini, kwa kuwa matabaka ya printa hupasuka pale pale yanapovutwa kutengana.

Kwenye majaribio, naufunga mguu kwenye kipande cha reli au cha fremu kilichokatwa kwenye gari bovu, naupigia mstari wa rangi unaovuka kichwa cha bolti na kuingia kwenye mguu, kisha nauvuta kwenda juu kwa winchi ya mnyororo yenye mizani. Mguu mmoja peke yake ninautaka ushikilie mzigo wote ulioruhusiwa kwa keria nzima, kilo 75 kama ndicho kiwango, kwa sababu kwenye kona na mashimo mzigo haugawanyiki sawa kwa miguu minne. Kisha navuta mbele, kisha pembeni, na narudia baada ya gari kutembea na mzigo kwenye barabara mbovu. Mstari wa rangi ukivunjika, bolti imezunguka. Mwisho nafungua mguu na kutazama alama ya mpira kwenye rangi. Alama kamili yenye kingo safi ni nzuri. Ikiwa nusu tu ya kitako imeandika, mkunjo haulingani na paa na ndoano inabeba kwa ncha. Ikiwa imeburuzika mbele, mguu uliteleza hata kama kila bolti ilikuwa imekaza, na mchoro unarudi mezani kutafutiwa pini.