Kuoanisha pikapu za gitaa la besi: maana yake nini

Ukimwambia mtu wa mtaani kwamba pikapu yako imekufa, atakuuliza umeiacha gereji gani. Kwa wapiga gitaa neno hilo ni kitu kingine: kile kijisanduku cheusi kilichozamishwa mwilini mwa gitaa, chini ya nyuzi, kinachougeuza mtikisiko wa uzi kuwa umeme mdogo unaosafiri kwenye kebo hadi kwenye ampu, yaani kikuza sauti. Besi nyingi zinazo mbili, moja upande wa shingo na nyingine upande wa daraja, pale nyuzi zinapokalia mwilini mwa gitaa. Ikifa moja ukanunua nyingine, hapo ndipo unakutana na habari ya kuoanisha.

Mimi nilikutana nayo kanisani. Besi ya kwaya yetu, nakala ya bei nafuu ya besi iitwayo Jazz Bass ya kampuni ya Fender, ilikufa pikapu ya nyuma. Nikatafuta ya mtumba, fundi redio akaichomea risasi mahali pake, tukajaribu. Ya mbele peke yake, safi. Ya nyuma peke yake, safi. Tulipofungua volyumu za zote mbili kwa pamoja, uzito wote ukatoweka, besi ikabaki inalia puani kama mtu mwenye mafua. Fundi akadhani kachoma vibaya, akafungua, akarudia. Hali ileile. Kumbe hakukuwa na kilichoharibika. Pikapu zilikuwa nzima, ila hazikuoana.

Ili kuelewa, tazama ndani ya pikapu. Kuna sumaku, na kuna waya wa shaba mwembamba kama unywele uliozungushwa kuizunguka maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukicheza juu ya sumaku, unaitikisa nguvu ya sumaku inayopita kwenye waya, na waya unatoa umeme. Michael Faraday alilionyesha jambo hilo Uingereza mwaka 1831, na pikapu haijaongeza mengi juu yake. Ndiyo maana gitaa lenye nyuzi za nailoni halisikiki kwenye pikapu ya namna hii: hakuna chuma, hakuna kinachotikiswa.

Sasa, mambo mawili huamua umeme huo utoke ukielekea wapi. La kwanza ni upande wa sumaku uliotazama nyuzi, kaskazini au kusini. La pili ni waya umezungushwa kwa mwelekeo gani, kama saa inavyokwenda au kinyume chake. Ukigeuza moja kati ya hayo, umeme unageuka. Ukigeuza yote mawili, unarudi ulipokuwa, kama hesabu ya darasani ya hasi mara hasi. Pikapu zangu mbili zilikuwa zinasikiliza uzi uleule, lakini moja ikisukuma nyingine ilikuwa inavuta. Sauti nzito, ambazo zote mbili zinazipokea karibu sawasawa, zikawa zinafutana. Kilichobaki ni ile tofauti ndogo kati yao, nayo ni sauti ya puani.

Utauliza kwa nini watengenezaji wasikubaliane tu, kila pikapu izungushwe upande mmoja, yaishe. Jibu ni mngurumo wa umeme. Koili, yaani waya huo uliozungushwa, ni antena pia, inanasa mawimbi ya nyaya za umeme ukutani, taa na transfoma ya ampu. Umeme wa gridi kwetu Afrika Mashariki ni hezi 50. Noti ya G, freti (kile kijichuma cha kukingama shingoni) ya tatu kwenye uzi mnene wa E, ni hezi 49. Yaani mngurumo umepanga nyumba katikati ya noti zako za kazi, na ukipunguza besi kwenye ampu ili kuufukuza, unajifukuza na wewe.

Kampuni ya Leo Fender, kule California, ililijibu tatizo hilo kwa njia mbili. Besi yake iitwayo Precision Bass ilitoka mwaka 1951 ikiwa na koili moja. Mwaka 1957 pikapu yake ikakatwa vipande viwili, kimoja kwa nyuzi za E na A, kingine kwa D na G, kila kipande na sumaku na mzunguko ulio kinyume cha mwenzake. Jazz Bass ya mwaka 1960 ikafanya hivyohivyo kwa pikapu mbili zilizo mbalimbali: ya pili imegeuzwa sumaku na pia imegeuzwa waya. Muziki umegeuzwa mara mbili, kwa hiyo unajumlishwa. Mngurumo hauijui sumaku, unaujua waya tu, kwa hiyo umegeuzwa mara moja, nao unajiua wenyewe. Kwangu mimi huo ni ujanja mzuri kuliko yote katika gitaa la umeme, na haugharimu hata senti.

Kwa hiyo mtu akikwambia pikapu mbili zimeoana, kwanza ana maana hiyo: zinasukuma pamoja na kuvuta pamoja. Kama ni za koili moja moja, afadhali pia sumaku zake ziwe kinyume, ili mngurumo ufe ukifungua zote.

Unaweza kulipima hili mezani. Shika pikapu mbili zikitazamana uso kwa uso, zikaribishe taratibu. Zikivutana, sumaku zake ni kinyume. Zikisukumana, ni za upande mmoja. Kisha chukua mita ya mshale, ile ya zamani ambayo mafundi redio bado wanayo, iweke kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), unganisha na nyaya mbili za pikapu, halafu gusisha bisibisi ya chuma juu ya sumaku na uiondoe ghafla. Mshale utaruka upande mmoja. Fanya vivyo hivyo kwa pikapu nyingine bila kubadilisha rangi za waya. Ukiruka upande uleule, zinakwenda pamoja. Ukiruka upande wa pili, badilisha nyaya za moja kati ya hizo: wa moto uende ardhini, wa ardhini uende kwenye moto. Kama pikapu ina kifuniko cha chuma kilichounganishwa na waya wa ardhini, usibadilishe mpaka umekitenganisha, la sivyo kifuniko chenyewe kitakuwa sehemu ya moto na kitanguruma ukikigusa.

Maana ya pili ya kuoana ni umbo. Hilo ni suala la rula tu, lakini watu wanalisahau mpaka mzigo umefika. Kwenye Jazz Bass ya kawaida pikapu ya daraja ni ndefu kuliko ya shingo kwa milimita 3 hivi, na milimita 3 zinatosha kukulazimisha kuchonga mbao. Nakala nyingi zina mbili za urefu sawa. Pima zako. Kwa besi ya nyuzi tano angalia pia kama kila uzi unapita juu ya sumaku zake, vinginevyo mmoja utasikika kwa mbali kuliko wenzake. Pikapu zenye kipande kimoja kirefu cha sumaku hazina shida hiyo.

Ya tatu ni nguvu, nayo ndiyo inayozungumzwa sana madukani, na mara nyingi inazungumzwa vibaya. Muuzaji atakutajia kilo-omu: pikapu ya Precision huwa kwenye 10 au 11, ya Jazz 7 au 8. Namba hiyo inakwambia waya una ukinzani kiasi gani, haikwambii gitaa litapiga kelele kiasi gani. Waya mwembamba zaidi una omu nyingi hata kwa mizunguko ileile, na aina ya sumaku haimo kabisa kwenye hesabu hiyo. Kulinganisha omu kuna maana pale tu pikapu zote mbili ni za aina moja na waya wa aina moja.

Jambo la kweli kuhusu nguvu ni mahali. Bonyeza uzi wowote, uupige, uutazame: katikati unacheza kwa upana, karibu na daraja hautikisiki sana. Kwa hiyo pikapu ya daraja inapokea kidogo, na sauti yake ni kavu na ya kusema. Mpiga besi Mmarekani Jaco Pastorius alijenga jina lake kwa kuitegemea hiyo ya nyuma. Ukitaka zilingane, ama nunua ya daraja iliyozungushwa zaidi kidogo, ama, kabla ya kutoa hela, chukua bisibisi uinue ya daraja na kuishusha ya shingo. Ila usiisogeze karibu mno na nyuzi, kwa sababu sumaku itauvuta uzi na noti za juu zitaanza kuyumba kama hazijatyuniwa.

Kuna ndoa moja ambayo siishauri: pikapu ya kawaida na ile inayotumia betri ya volti 9. Ya betri ina kiampu chake ndani na inatoa umeme kwa urahisi, ndiyo maana volyumu zake huwa za kilo-omu 25, wakati za kawaida hutaka 250 au zaidi. Ukiziunganisha moja kwa moja, ya betri inaimeza mwenzake. Ukiamua kwenda betri, badilisha zote mbili pamoja na volyumu, na ujizoeze kuchomoa kebo ukimaliza, maana kwenye besi hizo ni jeki ya kebo inayowasha betri.

Turudi kwenye besi ya kwaya. Tulizitoa pikapu mezani, tukazitazamanisha. Zikasukumana. Sumaku za upande mmoja, nyaya zimezungushwa kinyume. Ndipo nikakumbuka kwamba katika zile wiki za sauti ya puani, tukifungua zote mbili spika ilikuwa kimya ajabu, na sisi tulikuwa tunamsifu fundi kwa kazi safi. Tukabadilisha nyaya za ile ya mtumba. Uzito ukarudi palepale, mwalimu wa kwaya akatabasamu, na kimya cha spika kikaondoka: mngurumo ukaja, wa pikapu zote mbili kwa mkupuo. Kwa sumaku zile hapakuwa na namna ya kupata vyote viwili. Tulipiga hivyo hadi Pasaka, nikiwa nafunga volyumu zote kila mchungaji anaposimama kuomba, kisha tukanunua seti ya mbili zilizotoka pamoja kiwandani.