Ukimpa less, umempa root

Seva ya kwanza ya Linux niliyokabidhiwa ilikuwa na nywila moja ya root, yaani akaunti yenye mamlaka yote, na watu wanne tuliijua. Siku faili la mipangilio lilipofutwa, logi, yaani kumbukumbu za matukio ya seva, zilitaja root tu. Ni nani kati yetu? Hadi leo haijulikani. Tangu hapo kila msimamizi namfungulia akaunti yake, na kazi za root anazifanya kwa sudo, programu inayomruhusu kutoa amri kama root huku ikiandika jina lake, saa na amri aliyotoa.

Wengi huishia hapo. Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, imo ndani ya sudoers, faili linalosema nani aruhusiwe amri gani. Tuseme fundi anahitaji kusoma logi tu, ukamwandikia hivi:

`fundi ALL=(root) /usr/bin/less /var/log/syslog`

Unaona umembana vilivyo: amri moja, faili moja. Lakini less, programu ya kusomea mafaili, ikishafunguka, aandike `!sh` na kubonyeza Enter. Inatokea alama ya `#`, ishara kwamba sasa anatoa amri kama root. Akiuliza `id`, anajibiwa `uid=0(root)`. Hakuvunja kitu wala hakuiba nywila. Mlango ulimfungulia wewe mwenyewe. Vim, ya kuhariri mafaili, inayo njia kama hiyo, na find, ya kuyatafuta, inayo `-exec` ya kuendesha amri nyingine. Ndiyo maana kabla ya kuruhusu programu yoyote najiuliza kwanza: je, inaweza kuanzisha programu nyingine?

Huyu fundi hakuhitaji sudo hata kidogo. Kwenye Debian na Ubuntu, kumwingiza katika kundi la `adm` kunamtosha kusoma logi. Anayetakiwa kuhariri faili mpe `sudoedit`: anahariri nakala kwa haki zake mwenyewe, kisha sudo ndiyo inayoirudisha mahali pake.

Sudoers yenyewe ifungue kwa `visudo` daima, maana hukagua sintaksia kabla ya kuhifadhi. Mimi huacha pia dirisha la pili likiwa tayari na root mpaka nijaribu mabadiliko.

Mtu akiondoka kazini, tafadhali usitegemee `passwd -l`. Inafunga nywila peke yake. Mwenye ufunguo wa SSH, unaomwingiza kutoka mbali bila nywila, anaweza kuendelea kuingia. Tumia `usermod -e 1 fundi`, akaunti nzima inahesabika imekwisha muda, na kama bado yumo ndani mtoe kwa `pkill -KILL -u fundi`. Halafu orodhesha akaunti zote zenye uid 0, yaani namba ya root:

`awk -F: '$3 == 0' /etc/passwd`

Mstari wa root ndio pekee unaopaswa kutokea. Ukiona wa pili, acha kila kitu uufuatilie huo.