Von Lettow-Vorbeck: kamanda aliyepigana kwa hesabu

Ninafundisha historia ya vita hapa Moshi, na kila ninapomtaja Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wanafunzi husubiri habari za ushujaa. Ushujaa alikuwa nao, lakini naamini kilichomwezesha kukaa vitani tangu 1914 hadi 1918, akiwa amekatika karibu kabisa na Ujerumani, ni hesabu ya risasi, ya chakula na ya siku za safari.

Heinrich Schnee, gavana wa koloni hilo la Wajerumani, hakutaka miji ya pwani ipiganiwe; Lettow-Vorbeck, mtu mkali asiyependa kuingiliwa, hakumsikiliza. Novemba 1914 Waingereza waliposhusha Tanga kikosi cha watu wapatao 8,000, aliteremsha askari wake kwa treni kutoka huku Kilimanjaro, mwendo wa kilomita zipatazo 350. Usiku ule alipanda baiskeli akaingia mjini mwenyewe, akapita mitaa iliyohamwa hadi akajionea mahali ambapo adui hakuwapo. Kesho yake, akiwa na watu kama 1,000, aliupiga ubavu wa adui uliokuwa wazi, na Waingereza wakarudi melini wakiacha nyuma risasi zipatazo 600,000.

Kwangu mimi, hata hivyo, Jassin inamweleza vizuri zaidi. Januari 1915 aliiteka ngome hiyo ndogo ya mpakani, lakini alitumia risasi 200,000 na kupoteza maofisa ambao hakuwa na wa kuwabadilisha, akakadiria kwamba angeweza kumudu mapigano matatu tu ya namna hiyo. Ushindi ndio uliomfanya abadili njia. Tangu hapo alikwepa mapigano makubwa, akatuma doria ndogo kutoka Kilimanjaro, zikikatiza nyika kavu kwa maji ya kubeba, kwenda kulipua reli ya Uganda, njia ya Waingereza kutoka Mombasa. Machi 1916, Jenerali Jan Smuts, kamanda wa majeshi ya Uingereza, alipokuja kwa njia za Longido na Taveta, Lettow-Vorbeck aliiachia Moshi, akapigana Kahe, kisha akaelekea kusini, kwa kuwa shabaha yake ilikuwa kuwashughulisha Waingereza huku wasipeleke majeshi Ulaya. Huko Mahiwa, kusini karibu na Lindi, Oktoba 1917, aliivunja kanuni yake: alishinda, lakini hasara ya watu na risasi ilikuwa kubwa mno, na mwezi uliofuata akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Jeshi lililoacha reli lilibebwa na wapagazi, wengi wao wakiwa wameshurutishwa, na lilikula akiba za wakulima. Waingereza nao walifanya hivyohivyo, na Ugogo, uliokamuliwa na pande zote mbili kisha ukakosa mvua, uliangukia njaa ya Mtunya. Alipoweka silaha chini Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, bado alikuwa na askari Waafrika zaidi ya 1,100, na uaminifu wao umetumiwa sana kumpamba kama rafiki wa Waafrika. Sifa hiyo siikubali. Kabla ya kuja huku alitumikia Namibia chini ya jenerali Lothar von Trotha, wakati Waherero walipokuwa wakiangamizwa.