Kibao cha buluu London: kabla hujapendekeza jina

Wazungumzaji wa Kiswahili waishio London wanazidi kutaka wasanii na waandishi wetu wawekewe vibao vya buluu, vile vya duara vinavyowekwa kwenye ukuta wa nyumba kuonyesha kuwa mtu mashuhuri aliishi au kufanya kazi humo. Nia ni njema. Ila barua nyingi hutaja jina na sifa zake, nyumba haitajwi. Kibao si nishani. Ni alama ya nyumba.

Mpango wa vibao hivi ulioanza 1866 unasimamiwa na English Heritage, taasisi ya kutunza majengo ya kihistoria, tangu 1986. Mhusika awe amefariki si chini ya miaka 20 iliyopita. Nyumba iwe bado imesimama, kwa sura ambayo yeye mwenyewe angeitambua, na kibao kionekane kutoka barabarani. Mtu mmoja hupata kibao kimoja. Jengo moja halizidishi vibao viwili. Pendekezo likikataliwa, halirudi mezani hadi ipite miaka 10. Eneo la City of London, kiini cha kale cha jiji, lina utaratibu wake.

Mfano ni Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen na mzaliwa wa Zanzibar, aliyefariki 1991. Kibao chake kiliwekwa 2016 Gladstone Avenue, Feltham, kwenye nyumba ya wazazi wake. Swali la kwa nini kisiwekwe na kwenye jumba lake la Kensington halikomi. Jibu limeshatolewa: kibao kimoja.

Kibao chenyewe ni duara la kauri, kipenyo milimita 495, unene milimita 50, uso umebinuka kidogo ili mvua iusafishe. Hakitundikwi kama picha. Fundi huchonga tofali na kukizamisha ukutani, ndiyo maana ridhaa ya mmiliki ni lazima. Mpangaji wa chumba hawezi kuitoa, hata awe shabiki namna gani.

Jengo likiwa kwenye orodha ya hifadhi, yaani orodha rasmi ya majengo yanayolindwa kisheria, kinahitajika pia kibali cha halmashauri. Kubadili sura ya jengo hilo bila kibali ni kosa la jinai chini ya sheria ya 1990: kesi ikifika Crown Court, mahakama ya makosa makubwa, kifungo hadi miaka 2, faini isiyo na kikomo, au vyote viwili. Kusema hukujua kuwa jengo limeorodheshwa si utetezi.

Wanaojitengenezea vibao vyao nao huharibu kuta. Skrubu za chuma cha kawaida hushika kutu, kutu hutanuka, tofali hupasuka na michirizi ya kahawia hushuka ukutani. Tumia chuma kisichoshika kutu au shaba nyeupe, na toboa kwenye kiungio baina ya matofali, si tofali lenyewe. Kiungio huzibika, tofali lililotobolewa halirudi. Saruji ngumu kwenye tofali laini la zamani hufungia unyevu, na uso wa tofali hubanduka.

Tena, kibao hakiizuii nyumba kubomolewa. Kinachoilinda ni ile orodha ya hifadhi. Kibao cha kwanza kabisa, cha mshairi Byron, kiliwekwa Holles Street 1867. Nyumba hiyo ilibomolewa 1889.