Programu za saa janja na vifaa vya kuvaa: yanayoaminiwa na yaliyopo

"Ukijua kuandika programu za simu, saa janja haikushindi." Hii ndiyo dhana inayowaponza wengi. Chipu ya nRF52832, iliyotumika kwenye bangili nyingi za mazoezi, ina kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 64 tu; picha moja ya simu haiingii humo. Hata hivyo, kumbukumbu utaizoea. Kinachotesa ni umeme.

Fanya hesabu. Betri ndogo ya duara aina ya CR2032 hubeba takriban miliampea-saa 220. Redio ya kifaa (sehemu inayotuma data bila waya) ikiachwa macho muda wote, ikila miliampea 5, betri inakwisha kwa saa 44, yaani hata siku mbili hazifiki. Sasa andika programu ilale, iamke kidogo, itume data, ilale tena, mpaka wastani ushuke kuwa mikroampea 20. Hesabu inatoa saa 11,000, zaidi ya mwaka mmoja. (Hiyo ni kwenye karatasi, betri nazo huchakaa.) Chipu haikubadilika wala betri haikuongezwa. Kwa hiyo anayelilia betri kubwa aanze kwa kukagua msimbo wake: mara nyingi kuna kihisi kilichosahauliwa kuzimwa.

Wengine huamini kwamba saa hupima mapigo ya moyo. La, hupima mwanga. Taa ya kijani humulika ngozi, kihisi husoma mwanga unaorudi, kisha programu hukisia mapigo kutokana na jinsi mwanga huo unavyopanda na kushuka kadiri damu inavyopita. Mkimbiaji akipiga hatua 160 kwa dakika, mtikisiko wa mkono nao huandika mawimbi 160, na programu isiyo makini itatangaza kuwa moyo unapiga 160. Ndiyo maana kihisi cha mwendo husomwa sambamba, ili mchango wa hatua uondolewe. Kazi kubwa ya saa hizi imo humo, wala si kwenye kioo chenye rangi nzuri.

Kuhusu Blutuzi sina mengi. Ile ya kutumia umeme kidogo, iliyokuja na toleo la 4.0 mwaka 2010, kwa mpangilio wake wa mwanzo hubeba baiti 20 za data yako kwa kila ujumbe. Anayedhani ni bomba la kumimina chochote atashangaa. Tena mtu huacha simu nyumbani akatoka, hivyo data ihifadhiwe kwenye kifaa mpaka vikutane tena.

Usalama nao hudharauliwa, kwenye saa na kwenye kila kifaa kinachoingia mtandaoni: "Nani ahangaike kudukua kamera yangu?" Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai ilijaribu majina na nywila za kiwandani kwenye kamera, ruta na vinasa video. Vilivyokubali vikageuzwa jeshi, na tarehe 21 Oktoba jeshi hilo likaielemea Dyn, kampuni iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti. Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Picha za kamera hazikuwa na maana kwa wadukuzi hao. Walichotaka ni intaneti yake.

"Tuuze kwanza, kasoro tutarekebisha kwa mtandao." Sawa, ila umeme ukikatika katikati ya usasishaji, kifaa kisicho na nakala ya pili ya programu hugeuka kopo. Tenga nafasi mbili kwenye kumbukumbu ya kudumu: toleo jipya liandikwe pembeni, sahihi yake ya kidijitali (alama inayoonyesha kuwa limetoka kwa mtengenezaji) ihakikiwe, na likishindwa kuwaka kifaa kirudi chenyewe kwenye la zamani. Nafasi hiyo hupangwa kabla kifaa hakijatoka kiwandani.