Msimzike Lombroso Kiholela

Juzi, nje ya chumba cha mahakama, wakili mmoja kijana alimtazama mshtakiwa niliyekuwa namwandalia ripoti ya jamii, ile inayomweleza hakimu maisha yake, taya pana, kovu shavuni, akaninong'oneza: "Lombroso angemfurahia huyu." Lombroso ndiye aliyedai mhalifu hujulikana kwa sura yake. Nikacheka kwa adabu. Akaongeza: "Bahati nzuri Goring alishamzika." Yaani Goring alishaivunja nadharia hiyo kwa vipimo. Hapo kicheko kikaniisha. Kila afisa mpya wa probesheni, anayesimamia wahalifu nje ya gereza kama mimi, huniletea sentensi hiyohiyo.

Beccaria, Mwitaliano aliyemtangulia, namruka. Mwaka 1764 aliandika kwamba adhabu ilingane na kosa, mlikariri chuoni.

Cesare Lombroso, daktari wa Kiitaliano, alichunguza fuvu la Giuseppe Villella, mtu wa Calabria, akaona kishimo ndani ya mfupa wa kisogo, akadai ni unyama wa kale umerudi. Mwaka 1876 akatoa kitabu: masikio makubwa, taya nzito, mikono mirefu, mhalifu wa kuzaliwa. Kupima watu si dhambi. Tatizo ni kwamba aliwapima sana wafungwa, na mfungwa ni yule aliyekamatwa. Polisi wakikamata sura fulani, gerezani utaikuta sura hiyo. Ajabu gani hapo?

Sasa huyo Goring. Alikuwa daktari wa magereza Uingereza, na mwaka 1913 alichapisha vipimo vya wafungwa wapatao 3,000, akiwalinganisha na watu wa nje, wakiwamo wanajeshi na wanafunzi wa Cambridge. Mwili wa kihalifu hakuuona. Vizuri, na wengi mnafungia kitabu hapo. Endeleeni kusoma jamani! Goring huyohuyo akasema wafungwa ni wafupi, wepesi wa kilo, wapungufu wa akili, kwamba mengi ya hayo hurithiwa, na kwamba uzazi wa watu wa namna hiyo udhibitiwe. Mifupa kaitolea mlangoni, damu kaiingizia dirishani. Huyo ndiye mzikaji wenu?

Ufupi nitaueleza kwa njaa: mtoto aliyekulia uji mwepesi harefuki, na mtoto huyohuyo ndiye anayeiba mikate. Ila nikikuta ndugu watatu, chungu kimoja, mmoja jela na wawili walimu, maelezo yangu yanapwaya. Sijapata mengine.

Na tusisahau Quetelet, mwanatakwimu wa Ubelgiji. Mwaka 1831, Lombroso hajazaliwa, alishaonyesha kuwa hesabu za makosa Ufaransa zinakaribiana mwaka hadi mwaka, na kwamba umri na jinsia vina uzito mkubwa. Masikio ya Wafaransa hayana habari na kalenda. Hata hivyo "baba wa kriminolojia", elimu ya uhalifu, mnamwita mwenye mafuvu.

Ninayewasema nami nimo. Lombroso ndiye aliyetusukuma tuache kulitazama kosa tu, tumtazame mtu, na ripoti ninayoandika inamtazama mtu: malezi, ulevi, akili, ukoo. Ya kijana yule wa taya pana niliijaza Jumatatu. Penye historia ya familia niliandika: baba, wizi wa mifugo, miaka miwili. Hakimu alipofika hapo akachukua kalamu, akapiga mstari.