Maumivu hayako kidoleni: dhana potofu kuhusu ubongo na neva

Dhana potofu: Ukijikwaa, maumivu yanakaa kwenye kidole.

Ndani ya ngozi ya kidole kuna ncha za neva, yaani mishipa ya fahamu, na kazi yake ni kutoa taarifa tu: hapa pamegongwa, pana joto, pamechanika. Taarifa ikishafika kwenye ubongo, ubongo ndio unaoigeuza kuwa maumivu. Ndiyo maana ukichomwa sindano ya ganzi, jino linang'olewa nawe husikii uchungu. Fizi imejeruhiwa kweli, ila taarifa imezuiwa njiani. Mtu aliyekatwa mguu naye anaweza kuhisi vidole vya mguu ule vinamuuma, kwa sababu sehemu ya ubongo iliyokuwa ikivihudumia bado ipo.

Cha ajabu zaidi, ubongo wenyewe hauna ncha za kupokea maumivu. Madaktari wakishaitia ganzi ngozi ya kichwa, wanaweza kuufanyia ubongo upasuaji huku mgonjwa yuko macho, akizungumza nao, ili wasije wakagusa sehemu inayomwezesha kusema.

Dhana potofu: Ubongo ndio unaoamuru mkono utoke kwenye moto.

Ukigusa sufuria ya moto, mkono unachomoka kabla hujajua kilichotokea. Neva ya hisia inapeleka taarifa kwenye ugwe mgongo, ile kamba laini ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo. Pale pale seli nyingine inaipokea na kuikabidhi kwa neva inayoendesha misuli, na misuli inaukunja mkono. Ubongo unapata habari baadaye kidogo, na hapo ndipo unaposema "aii!" Safari fupi ya kuishia mgongoni inaokoa muda, na muda huo ndio tofauti kati ya ngozi kuwa nyekundu na ngozi kutoka malengelenge.

Dhana potofu: Neva ni nyaya za umeme, na habari hufika papo hapo.

Hii ndiyo inayopotosha wengi, maana ni nusu kweli. Umeme upo, lakini haukimbii kama kwenye waya. Utando wa seli ya neva una milango midogo sana. Mlango ukifunguka, chembe za sodiamu zenye chaji zinaingia, kisha za potasiamu zinatoka, na mlango wa jirani nao unafunguka. Habari inasafiri hivyo, mlango kwa mlango. Mwisho wa seli kuna pengo la takriban nanomita 20, jembamba kuliko unywele kwa maelfu ya mara. Katika mapengo mengi ya namna hii umeme hauvuki. Seli inamwaga kemikali, kemikali inagusa seli ya pili, na mwendo unaanza upya.

Mwaka 1850 mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alipima kasi ya habari kwenye neva ya chura, akapata takriban mita 30 kwa sekunde. Kwa binadamu, neva nene zilizofunikwa na mafuta ya mailini hufikia hadi mita 120 kwa sekunde. Nyembamba zisizo na mailini huenda kama mita 1 tu. Kwa hiyo ukijigonga kidole cha mguu, kwanza unahisi mgongano na mchomo mkali, kisha kama sekunde moja baadaye uchungu mzito unaovuta. Hizo ni neva mbili tofauti zinazoripoti jambo lilelile. Mailini ikiharibiwa na ugonjwa, habari inachelewa au inapotea, na mtu anaweza kuona ukungu au kuishiwa nguvu miguuni.

Jipime mwenyewe. Mwenzako ashike rula wima, sifuri ikiwa chini, kati ya kidole gumba chako na cha shahada bila kugusa. Aiachie bila kukuonya, nawe uidake. Ukiidaka kwenye sentimita 15, umetumia kama sekunde 0.17, kwenye 20, kama sekunde 0.20. Rudia mara tano utafute wastani. Sehemu kubwa ya muda huo haiishii njiani, inatumika machoni na ubongoni, seli zikipokezana habari.

Dhana potofu: Tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo.

Si kweli hata kidogo. Sehemu zote zina kazi, hata ukiwa usingizini. Ubongo wa mtu mzima una takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati yake.

Dhana potofu: Mguu ukifa ganzi, damu imeganda.

Ukikaa vibaya, neva inabanwa na hata damu inayoilisha inapungua, hivyo inashindwa kupeleka habari. Ukinyoosha mguu, neva inaamka na kutuma habari ovyo. Ndiyo ile michomo. Subiri iishe ndipo usimame, usije ukaanguka. Ganzi inayokuja bila sababu na haiondoki, mwambie mtu mzima.

Dhana potofu: Neva ikikatika, ndiyo basi.

Inategemea imekatikia wapi. Neva ya mkono ikishonwa vizuri inaweza kukua upya, takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole, sentimita 15 hivi, ni kama miezi mitano. Ugwe mgongo hauna uwezo huo. Ndiyo sababu mtu aliyeanguka kutoka juu ya mti na kuumia shingo au mgongo asiinuliwe wala kukalishwa. Mwache alale palepale, kichwa kisitikiswe, mpaka wahudumu wa afya wafike.